Injini Ikipanda Dodoma: Farasi Waliobaki Pwani

Kijana aliingia gereji Jumamosi mchana na Altezza nyeupe, akazima gari na kufungua boneti kabla hata ya kusalimia. Alikuwa amehamia Dodoma kikazi wiki mbili nyuma.

"Shikamoo mzee. Hii gari Dar ilikuwa inakimbia balaa. Tangu nifike huku imelegea. Nahisi kuna sheli wameniwekea mafuta yaliyochakachuliwa."

Mzee alikuwa amekaa juu ya rimu akimenya embe. Aliitikia marahaba, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akauliza jambo moja tu: "Imelegea muda wote, au ukiikanyaga mpaka chini?"

"Nikiikanyaga mpaka chini."

"Basi mafuta hayana kosa. Hewa yako umeiacha Dar."

Kijana alicheka, akidhani anataniwa. Mimi nilikuwa pale nasubiri brekipedi zangu, na kwa kuwa niliwahi kufundisha fizikia kidato cha tatu nikashindwa kunyamaza. Tulikula alasiri nzima kwenye mada hiyo. Mengi ya haya ninayoandika yalisemwa pale chini ya mwembe. Hesabu nyingine nimezimalizia nyumbani.

Nusu tani ya hewa

Petroli haiungui peke yake. Kilo 1 inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue bila kubaki petroli wala oksijeni. Tenki la lita 50 lina petroli ya kilo 37 hivi, kwa hiyo tenki hilo moja litataka zaidi ya nusu tani ya hewa mpaka liishe. Petroli unainunua na kuibeba. Hewa injini inaiokota njiani, pumzi kwa pumzi, tena inaiokota kwa ujazo, si kwa uzito. Matatizo yote yanaanzia hapo.

Altezza ya kijana ina injini ya lita 2. Injini ya mapigo manne inavuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, hivyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza lita 6,000 kwa dakika, yaani lita 100 kila sekunde. Lita 100 ni lita 100, uwe Kigamboni au Nzuguni. Ila kando ya bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 ina kilo 1.16 hivi. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyotulalia juu ya vichwa ni pungufu, presha inashuka kutoka kilopaskali 101 hadi 89 hivi, na mita ileile ya ujazo, kwa joto lilelile, ina kilo 1.02 tu. Upungufu ni asilimia 12 na ushee. Ndiyo presha hiyohiyo inayofanya maji ya chai Dodoma yachemke kwenye nyuzi 96 badala ya 100, ingawa sijawahi kusikia mtu akilaumu sufuria.

Sasa geuza hewa iwe farasi, kile kipimo cha nguvu ya injini. Dar, zile lita 100 ni gramu 116 za hewa, zinazotosha kuchoma gramu 7.9 za petroli kila sekunde. Gramu moja ya petroli ina joto la kilojuli 44 hivi. Hiyo ni kilowati 348 za joto. Tuseme injini inageuza asilimia 30 ya joto hilo kuwa mwendo: unapata kilowati 104, farasi 140. Panda Dodoma na gari hilohilo: gramu 102 za hewa, gramu 6.9 za petroli, kilowati 305 za joto, farasi 123. Farasi 17 wamebaki pwani.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Toyota waliitangaza Altezza ya aina ya RS200, yenye gia sita za mkono, kuwa na farasi 210, lakini hiyo ni kwenye mizunguko 7,600 na silinda zilizojazwa kwa ujanja nitakaoueleza hapo mbele. Uwiano lakini haubadiliki. Ukipanda toka Dar kuja Dodoma na injini isiyo na tabo, ile feni ya kubana hewa, unalipa kama farasi mmoja katika kila wanane, upende usipende.

"Kwa hiyo injini yangu imepungua ufanisi," kijana akasema, kwa huzuni kidogo.

Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, hata wale wanaouza vifaa vya kuongeza nguvu.

Matenga na juisi

Fikiria kiwanda cha kukamua zabibu. Matenga yanayoingia asubuhi ni jambo moja. Juisi inayopatikana katika kila kilo ya zabibu ni jambo jingine. Yakija matenga machache, kiwanda kitatoa juisi kidogo, lakini mtambo wa kukamua haujaharibika. Hewa inayoingia kwenye injini ni matenga. Ufanisi wa joto ni ule mkamuo: katika kila kilojuli 100 za petroli iliyoungua, ngapi zimefika kwenye magurudumu na ngapi zimetokea kwenye ekzosi na rejeta?

Kwa injini ya kawaida, ukikanyaga sana, joto linagawanyika karibu mafungu matatu: kama theluthi inakuwa kazi, kama theluthi inatoka na moshi, na iliyobaki inachukuliwa na maji ya kupoza, oili na mwili wa injini. Kila anayebuni injini ya mashindano anapigania kunyakua kidogo kutoka mafungu mawili ya mwisho.

Kinachotawala mkamuo, kwanza kabisa, ni uwiano wa mgandamizo. Ukigandamiza mchanganyiko mara 10 kabla ya kuuwasha, gesi iliyoungua inapata nafasi ya kutanuka mara 10 huku ikisukuma pistoni. Kadiri inavyotanuka ndivyo inavyopoa, na joto lililopotea humo ndilo lililogeuka kazi. Kanuni ya mzunguko wa Otto, yaani ya injini ya petroli isiyo na hasara nyingine, kwa hewa safi, inasema mgandamizo wa 10 unaweza kukamua asilimia 60. Tukitumia tabia ya gesi ya moto ilivyo kweli, namba inashuka hadi 50 hivi, kisha misuguano, joto linalopenya kwenye kuta na mwako usio wa papo hapo vinaitafuna hadi thelathini na kitu. Ila tazama kilichokosekana ndani ya kanuni hiyo: hakuna mahali inapouliza hewa iliingia kiasi gani, wala ilikuwa na presha gani. Unaweza kuipunja injini hewa na mkamuo wake ukabaki palepale.

Zaidi ya hapo, ukiendesha taratibu, Dodoma inaweza hata kukupa nafuu. Injini ya petroli inatawaliwa na kile kipepeo cha hewa kwenye koo lake. Ukikanyaga kidogo, kipepeo kinafunga sehemu kubwa ya njia na pistoni inavuta dhidi ya ombwe, kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Kazi hiyo inaliwa bure. Hewa ikiwa nyepesi, inabidi kipepeo kifunguke zaidi ili kupata gramu zilezile, na mnyonyo unakuwa mwepesi. Tena hewa nyepesi inalikwaza gari kidogo linapokimbia. Kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa, barabara ya Bahi, Altezza ileile ina sababu ya kula mafuta kidogo kuliko ikiwa barabara ya Bagamoyo. Nilimuuliza kijana kama amepima. Alisema hajawahi kupima mafuta tangu alinunue, anaweka ya elfu thelathini tu kila taa ikiwaka.

Mahali hewa na ufanisi vinapokutana

Hewa na ufanisi si kitu kimoja, lakini ni majirani wanaopitiana uani, na uchochoro wao mkubwa ni kugonga kwa injini.

Ukipandisha mgandamizo, ufanisi unapanda. Mbona basi watu hawaweki 15 au 20? Kwa sababu hewa ukiibana inapata moto. Kila aliyepampu baiskeli anajua pampu inavyochoma kiganja. Mchanganyiko ukibanwa mno, ile sehemu iliyo mbali na plagi inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Unasikia kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Ukiachia hali hiyo iendelee, pistoni zinatoboka. Kontrolboksi ya gari la kisasa ina kihisio kinachosikiliza kelele hiyo, na ikiisikia inachelewesha cheche. Pistoni inapata msukumo ikiwa imeshaanza kushuka, gesi haitanuki vya kutosha, na joto ambalo lingekuwa kazi linatoka na moshi. Hapo sasa ufanisi umeshuka kweli.

Ndiyo maana joto la hewa inayoingia lina makosa mawili kwa mpigo. Linapunguza matenga, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, na linaharibu mkamuo, kwa kuwa linasogeza injini karibu na kugonga.

Mzee alijua hili bila kanuni yoyote. Alichomeka kifaa chake cha kusomea chini ya usukani, akamwambia kijana awashe na kuliacha gari lingurume dakika kumi. Chini ya mwembe ilikuwa nyuzi 31. Kifaa kikasema hewa inayoingia kwenye injini ina nyuzi 58. Kijana alikuwa ametoa boksi la chujio la kiwandani, akafunga koni ya mapambo, nyekundu, nzuri sana, nyuma tu ya rejeta. Injini ilikuwa inavuta upepo ambao rejeta imeshaupasha moto.

Kwa hesabu, tofauti ya 31 na 58 ni karibu asilimia 8 ya hewa. Ongeza juu ya zile 12 za mwinuko. Kweli gari likitembea upepo unaingia na namba inashuka, lakini haishuki hadi 31. Nilimuuliza kijana kwa nini aliifunga. Akasema ukikanyaga inatoa sauti. Inatoa, nimeisikia. Sauti haina farasi ndani yake.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watu wa Dodoma hatuutumii. Presha ikiwa ndogo, mchanganyiko unafika mwisho wa mgandamizo ukiwa na presha ndogo pia, na hatari ya kugonga inapungua. Injini iliyofungwa kwa ajili ya Dodoma na Singida peke yake inaweza kubeba mgandamizo mkubwa zaidi, tuseme 12 badala ya 10. Kwa kanuni ileile ya gesi halisi, hiyo ni kutoka asilimia 50 hadi 52.5, yaani ongezeko la asilimia 5 la kile kinachokamuliwa. Hairudishi farasi wote waliobaki pwani, lakini inarudisha baadhi, tena bila kuongeza tone la petroli. Tatizo ni siku utakayoteremka nalo Morogoro ukiwa na haraka.

Mwangwi ndani ya bomba

Sasa ule ujanja wa kujaza silinda. Ukisema injini ya lita 2 inameza lita 2, umechukulia kwamba kila silinda inajaa. Kwa kawaida haijai: hewa inasuguana na chujio, kona za bomba na vichwa vya valvu, na gari la kawaida linaridhika na asilimia 80 au 90. Injini za mashindano zisizo na tabo zinavuka 100. Inawezekanaje chombo kujaa kupita ujazo wake bila pampu?

Jibu ni kwamba hewa ina uzito na ina mwangwi. Uzito kwanza: ndani ya bomba la kuingizia, hewa inakimbia makumi ya mita kwa sekunde. Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, hewa ile haijui kwamba karamu imekwisha. Inaendelea kuingia kwa kasi yake, kama abiria wa daladala wanaosukumana ndani ilhali kondakta ameshagonga bodi. Wabunifu wanaliacha valvu la kuingizia wazi kwa makusudi baada ya pistoni kugeuka, ili wale wa mwisho waingie.

Mwangwi ni mtamu zaidi. Valvu linapofunguka na pistoni ikavuta, mnyonyo unasafiri kama wimbi kurudi nyuma kwenye bomba, kwa mwendo wa sauti, kama mita 349 kwa sekunde kwenye nyuzi 30. Ukifika mdomo wa bomba ulio wazi, wimbi linageuka na kurudi, na katika kugeuka linabadili tabia: lilikwenda likiwa mnyonyo, linarudi likiwa msukumo. Bomba la sentimita 40 ni sentimita 80 kwenda na kurudi, sekunde 2.3 katika elfu. Kwenye mizunguko 6,000, valvu linakaa wazi kama sekunde 6 au 7 katika elfu. Kwa hiyo unaweza kukata bomba kwa urefu ambao msukumo, labda baada ya kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, unafika mlangoni sekunde ileile valvu linapotaka kufunga, na kusukumiza pumzi ya ziada ndani. Ni kazi ya mtengeneza filimbi: refusha, sauti nzito, nguvu mizunguko ya chini, fupisha, sauti nyembamba, nguvu mizunguko ya juu.

Mazda hawakutaka kuchagua. Gari lao 787B, lililoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991 kwa injini isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali rota zinazozunguka, lilikuwa na tarumbeta za hewa zinazorefuka na kufupika zenyewe kufuata mizunguko. Toyota, kwa watu wa mifuko yetu, walitoa injini ya 4A-GE ya valvu 20 yenye vipepeo vinne, kila silinda na chake, ili bomba la jirani lisivuruge wimbi.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipolikokotoa. Mwendo wa sauti hewani unafuata joto, haufuati presha. Kwa hiyo bomba lililopimwa Dar kwenye nyuzi 30 linaimba sawasawa Dodoma kwenye nyuzi 30. Hewa ni nyepesi, lakini mwangwi wake haujachelewa.

Kosa ambalo nalikiri ni langu: miaka ya nyuma nilikuwa na Corolla, nikamwomba fundi achonge njia za hewa kwenye silinda hedi, zipanuke, zing'ae kama kioo. Nilidhani tundu kubwa ni hewa nyingi. Gari likawa zuri kwenye mizunguko mikubwa na likafa kabisa chini yake. Nikipanda mlima mdogo tu na abiria, narudi gia ya pili. Tundu likiwa kubwa mno, hewa inatembea polepole, inapoteza ule msukumo wa mwisho, na inaingia silinda imelala. Hewa inayoingia kwa kasi na kwa pembe inapinduka na kuzunguka ndani ya silinda, na mzunguko huo unausambaza moto haraka. Mwako wa haraka unaunguza petroli yote pistoni ikiwa bado juu, mahali ambapo kila joto linakamuliwa vizuri. Kwa hiyo mimi nilijipunguzia hewa na mkamuo kwa wakati mmoja, tena nikalipia.

Tabo, na mlango wa zizi

"Basi nafunga tabo," kijana akasema. Wote husema hivyo.

Tabo ni jibu zuri kwa mwinuko. Inachukua moshi unaotoka, ile theluthi inayopotea, na kuutumia kuzungusha feni inayobana hewa. Lakini kubana ni kupasha moto. Ukichukua hewa ya nyuzi 30 usawa wa bahari na kuifanya presha mara mbili kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi 125 hivi. Dodoma, kwa kuwa umeanzia chini, lazima ubane mara 2.27 kufikia presha ileile, na hewa inatoka na nyuzi 140 na ushee. Bila intakula, kile kipoza hewa cha mbele ya gari, umerudi kwenye kokoto za kopo. Na hata intakula, kama rejeta, inapozwa na hewa ileile nyepesi.

Kwenye rali kuna kizuizi kingine, na ni cha makusudi. Ili tabo zisikimbilie farasi 500, sheria zinalazimisha hewa yote ipite kwenye tundu moja dogo kabla ya kufika kwenye tabo. Magari ya daraja la Rally2 yana tundu la milimita 32, upana wa kizibo cha chupa kubwa ya maji. Nani atakayeona tundu hilo akaamini kwamba farasi karibu 290 wanapita humo?

Tundu hilo linafanya kazi kama mlango wa zizi. Mbuzi wakiwa wachache wanapita kwa raha. Wakisukumana, kasi inapanda, mpaka mlango unafika kikomo chake: hata uwachape fimbo vipi huko nyuma, wanaopita kwa dakika ni walewale. Kwa hewa, kikomo hicho ni mwendo wa sauti. Hewa ikifika mwendo huo kwenye koo la tundu, tabo inaweza kunyonya mpaka ipasuke, hakuna gramu itakayoongezeka. Kwa tundu la milimita 32 usawa wa bahari, kikomo ni kama gramu 190 kwa sekunde.

Lete gari hilo Dodoma. Mlango ni uleule, kasi ni ileile, ila mbuzi wamekonda. Kikomo kinashuka hadi gramu 165. Yaani gari lenye tabo, ambalo kila mtu anadhani halijali milima, likiwa na tundu la sheria linapoteza asilimia 13, sawa na Altezza ya kijana. Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni juu zaidi, na hasara inakaribia asilimia 20. Safari hiyohiyo ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Bert Shankland wa Dar es Salaam aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 isiyo na tabo wala tundu la sheria. Yeye alikuwa na mwinuko na vumbi tu.

Kwa kuwa tundu ndilo linaloamua, ndilo linaloibiwa. Mwaka 1995 timu ya Toyota kwenye ubingwa wa dunia wa rali ilikamatwa na tundu lililobuniwa ajabu: likifungwa kwenye bomba lake, linasogea na hewa inapata upenyo wa pembeni, wakaguzi wakilifungua, springi zilizofichwa zinalirudisha mahali pake na linapima sawasawa na sheria. Walifutiwa pointi zote na kufungiwa mwaka mzima. Mzee alipoisikia hadithi hiyo aliacha kumenya embe.

Ukishabanwa kwenye hewa, kilichobaki ni mkamuo. Timu ya rali haiwezi kuongeza gramu, kwa hiyo inahangaika na umbo la chumba cha mwako, cheche, joto la hewa baada ya intakula. Formula 1 walikwenda mbele zaidi mwaka 2014: wakaacha kubana hewa, wakabana petroli. Injini ya lita 1.6 yenye tabo ikaruhusiwa kilo 100 za mafuta kwa saa, basi. Hapo swali zima likapinduka. Mwanzoni hewa ilikuwa adimu na petroli ya kumwaga. Madereva wa rali mpaka leo wanaweka petroli zaidi ya ile 1 kwa 14.7, kusudi kila oksijeni ipate mwenzake, na petroli ya ziada inatoka haijaungua vizuri. Ufanisi unaliwa, farasi wanaongezeka. Kwenye Formula 1 ya kanuni hizo, hewa ikawa ya kumwaga na petroli adimu. Wakaingiza hewa nyingi kupita inavyohitajika, wakauwasha mchanganyiko huo mwepesi kwa chumba kidogo kilicho juu ya silinda kinachorusha ndimi za moto ndani. Tabo nayo ikafungwa mashine ya kuzalisha umeme kutokana na moshi. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, kwenye mtambo wa kupimia, imevuka asilimia 50 ya ufanisi wa joto. Injini za V8 zilizotangulia, zilizopiga kelele mizunguko 18,000, zilikuwa zinacheza kwenye 30 hivi. Mashabiki wengi walililia ile sauti.

Kuna chombo kimoja kinachopanda kutoka Dar hadi Dodoma bila kupoteza farasi hata mmoja, nacho ni treni ya umeme ya SGR. Haipumui.

Mzee alimrudishia kijana boksi la kiwandani, lililokuwa kwenye buti limefungwa na mfuko wa rambo, na bomba lake linalovuta hewa ya nje kutoka nyuma ya taa. Chujio lilikuwa limejaa vumbi jekundu, likabadilishwa. Plagi nazo. Akamwambia akalijaribu gari kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Singida, kabla joto halijapanda. Nilifanya hesabu nikiwa njiani kurudi nyumbani: kutoka nyuzi 58 chini ya boneti hadi nyuzi 20 za alfajiri ni asilimia 13 ya hewa. Ingekuwa nusu tu ya hiyo, angeisikia mgongoni.

Jumatatu jioni nilipitia kuchukua brekipedi zilizokuwa bado hazijafungwa. Kijana alikuwa pale, amesimama, anacheka hadi gego la mwisho.

"Mzee, imerudi! Imerudi kabisa. Si nilikuambia ni mafuta? Jana niliweka sheli nyingine."

Mzee alinitazama kidogo, kisha akachukua embe jingine.